Tezi Iliyotolewa Shingoni Inarudije? (Sehemu ya Pili)

Makala ya kwanza iliishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ya leo inaanzia pale ambapo wengi hudhani habari imekwisha: kovu limepona, kola ya shati inafungika, mgonjwa yuko nyumbani na majirani wamekuja kumpa pole. Inapita miaka kumi, wakati mwingine ishirini. Kisha shingo inaanza kujaa tena.

Malampaka ni mji mdogo wa Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, uliokaa kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, reli iliyofika ziwani mwaka 1928. Mtu wa hapo mwenye tezi kubwa ya shingo, goita kama wengi wanavyoiita, akihitaji upasuaji mkubwa huelekea Bariadi kwenye hospitali ya mkoa, au Mwanza kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Safari ya kwenda hupangwa na ukoo mzima: nani atauza ng'ombe, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto. Safari ya kurudi hospitali mwaka mmoja baadaye kwa ajili ya vipimo, mara nyingi haipangwi na yeyote.

Uvimbe ukijitokeza tena, maelezo hayakosekani. Wapo watakaosema daktari alipasua ngozi tu, hakutoa kitu. Wapo watakaosema kuna mkono wa mtu. Na wapo watakaosema tezi imeota nyingine. Hawa wa mwisho ndio wanaokaribia ukweli, ingawa nao hawajaufikia. Thairoidi, yaani tezi yenyewe ya shingo, ikiondolewa yote kabisa, haichipui mpya pale ilipokuwa. Kinachokua ni kile kilichobaki.

Na mara nyingi kilibaki kwa makusudi. Wapasuaji wa Bugando walipochapisha mwaka 2011 uchunguzi wao kuhusu wagonjwa zaidi ya 300 wa goita, wengi wao wanawake, upasuaji uliofanyika zaidi ulikuwa ule wa kuondoa sehemu kubwa ya tezi na kuacha kiasi. Huo si uvivu wala hila. Nyuma ya thairoidi hupita neva mbili za sauti, moja kila upande. Ikiumia moja, sauti hukwaruza. Zikiumia zote mbili, mgonjwa anaweza kushindwa kupumua. Hapo hapo zimejibanza tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, ziitwazo parathairoidi, ambazo kazi yake ni kusimamia kalsiamu ya damu. Zikiondoka kwa bahati mbaya, vidole hufa ganzi na mikono hukakamaa. Kuacha kipande cha nyuma ni njia ya kutozigusa.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya huruma zaidi kuliko ya ufundi. Asiye na thairoidi kabisa ataishi kwa kidonge kila siku ya maisha yake. Mpasuaji anayejua kwamba mgonjwa wake anarudi kijijini, mahali ambapo duka la dawa lina vidonge vya maumivu na vya malaria na si mengi zaidi, hufikiri mara mbili. Anaona heri amwachie gramu chache zimfanyie kazi, katika tezi ambayo ikiwa nzima na yenye afya ina gramu 15 hadi 25 hivi.

Tatizo ni kwamba mwili hauridhiki na gramu hizo chache. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari inayopima homoni ya thairoidi katika damu saa zote. Homoni hiyo ikipungua, pituitari hutuma amri yake, homoni ambayo maabara huiandika TSH. Amri hiyo ina mambo mawili ndani yake: inakiambia kipande kilichobaki kifanye kazi zaidi, na inakiambia kikue. Amri isipokoma kwa miaka kumi, nacho hukua kwa miaka kumi. Tena tezi iliyokuwa na vinundu vingi haikuwa na ugonjwa kwenye vinundu vile tu vilivyoonekana. Hata sehemu iliyoonekana nzuri machoni pa mpasuaji huweza kuwa na seli zenye tabia ile ile ya kuzaliana. Mkulima wa pamba wa Simiyu haelezwi mara mbili. Akivuna na kuacha visiki bila kung'oa na kuchoma masalia, mvua za kwanza huviotesha, na funza hupata pa kuanzia.

Vipi basi kwa yule ambaye cheti chake kimeandikwa wazi kwamba thairoidi ilitolewa yote? Jibu linarudi nyuma hadi tumboni mwa mama. Katika wiki za mwanzo za mimba, thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, kisha hushuka polepole hadi mbele ya koo. Katika kushuka huko huweza kuacha seli zake njiani. Karibu nusu ya watu wana kipande chembamba kinachopanda juu kutoka katikati ya tezi, na mpasuaji asipokifuata hadi mwisho wake hubaki. Wachache wana thairoidi kwenye ulimi au kifuani. Wachache zaidi, wanawake, wana chembe za thairoidi ndani ya uvimbe wa ovari, jambo linaloshangaza hata wanafunzi wa udaktari wanapolisikia mara ya kwanza. Ndiyo maana picha za iodini yenye mionzi, zinazopigwa baada ya upasuaji wa kuondoa yote, mara nyingi huonyesha doa dogo shingoni hata pale kazi ilipofanywa kwa umahiri.

Aliyeiona kwa uchungu mkubwa kuliko wote thamani ya kipande kinachobaki ni Theodor Kocher, mpasuaji wa mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambayo udongo wake una iodini kidogo na ambako goita ilikuwa jambo la kila kijiji. Mwaka 1874 alimpasua msichana wa miaka 11 na kumtolea tezi yote. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini daktari wa kijijini kwao akaleta habari kwamba mtoto yule amebadilika: amedumaa, amekuwa mzito wa akili, na mdogo wake amemzidi kimo. Mwaka 1882 Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alimdokeza Kocher kwamba naye ameona mabadiliko ya namna hiyo kwa wagonjwa wake. Kocher akaanza kuwaita aliowapasua, mmoja mmoja, awatazame.

Mwaka 1883 alisimama mbele ya wapasuaji wenzake mjini Berlin na kueleza alichokikuta. Kati ya wagonjwa 18 waliotolewa tezi yote na kuchunguzwa upya, 16 walikuwa na ugonjwa ule: uso umevimba, ngozi imekauka, baridi haiwatoki, mawazo yanakwenda taratibu. Wawili tu walikuwa wazima. Na hao wawili, shingoni mwao, tezi kidogo ilikuwa imeonekana tena.

Msomaji asimame hapo kidogo. Uvimbe uliorudi, ule ule ambao leo unamfanya mama wa Malampaka alale akilia, ndio uliowaokoa wawili wale. Wakati huo hapakuwa na dawa, wala hakuna aliyejua kwa hakika thairoidi ina kazi gani. Jibu lilitolewa na mabaki.

Miaka mingi baadaye mpasuaji wa Kimarekani, William Halsted, alieleza kwa nini wagonjwa wa Theodor Billroth wa Vienna hawakupata sana ugonjwa ule, bali walikakamaa mikono. Kocher alikuwa mtulivu, anayezuia damu isichuruzike, anayetoa thairoidi nzima bila kugusa kitu kingine. Billroth alifanya haraka. Aliacha vipande vya thairoidi na kuondoka na parathairoidi. Kosa la kila mmoja lilitokana na mkono wake. Kocher alibadili utaratibu wake, akawa anaacha sehemu ya tezi, na mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya thairoidi.

Dawa ilikuja polepole. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Uingereza, alimchoma sindano mama mmoja dawa aliyoitengeneza kutokana na thairoidi ya kondoo; mama yule aliishi miaka 28 zaidi. Mkemia Edward Kendall aliitenga homoni yenyewe mwaka 1914, na mwaka 1927 ikatengenezwa maabara. Kidonge cha levothairoksini cha leo ni mjukuu wa kazi hiyo. Kilipokuwa cha bei nafuu na cha kutegemewa, hoja ya kuacha kipande ilidhoofika, maana anayeweza kumeza homoni hana haja ya kubaki na tishu ya kuitengeneza.

Kipimo cha hoja hiyo kilifanyika Krakow, Poland. Wagonjwa 600 wenye goita ya vinundu vingi waligawanywa katika makundi matatu kwa aina ya upasuaji, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mitano. Katika kundi lililoachiwa vipande pande zote mbili, goita ilirudi kwa asilimia 11.6. Walioachiwa kipande upande mmoja tu, asilimia 4.7. Waliotolewa yote, asilimia 0.5. Ripoti ya mwaka 2010 ilitoa takwimu hizo, na ni vigumu kubishana nazo. Lakini matokeo yale ni ya mahali ambapo kidonge kipo kila duka la dawa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mpasuaji wa Kanda ya Ziwa hawezi kuyaiga bila kwanza kumuuliza mgonjwa wake: dawa utaipata wapi, na nani atakununulia mwezi wa sita?

Kuna jambo la chumvi pia, na halipaswi kupitwa. Thairoidi hutengeneza homoni yake kwa madini joto, yaani iodini. Yakipungua, homoni hupungua, TSH hupanda, na kipande kilichobaki hupokea amri ile ile ya kukua. Miaka ya 1980 takribani robo ya watoto wa shule Tanzania walikuwa na goita. Wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, na mwaka 1994 zikatoka kanuni za kulazimisha chumvi itiwe madini joto. Uchunguzi wa mwaka 2004, uliopima zaidi ya watoto 140,000, ulikuta goita imeshuka hadi asilimia 7 hivi. Ni moja ya kazi za afya ya jamii ambazo nchi hii imezifanya vizuri na kuzisifu kidogo.

Hata hivyo chumvi ya mawe isiyotiwa kitu bado hupimwa kwa kopo magulioni. Usukumani chumvi ina historia ndefu. Wazee walifunga safari hadi Ziwa Eyasi kuifuata. Mtu aliyeachiwa kipande cha thairoidi akirudi kwenye chumvi isiyo na madini joto anakirudisha kipande hicho kwenye hali iliyomwangusha mara ya kwanza. Mihogo nayo imetajwa: katika Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji wa miaka ya 1960 walikuta goita imeenea kaskazini kuliko kusini-magharibi ingawa iodini ilikuwa haba pande zote, na ulaji wa mihogo ukaonekana kuwa na mchango. Anayekula ugali wa udaga asiogope. Kuvundika na kukausha vizuri hupunguza sana sumu ya mihogo inayohusika, na madini joto yakitosha athari yake hupungua.

Ila asiwepo wa kujinywesha matone ya iodini. Tezi ya zamani yenye vinundu ikijazwa iodini ghafla huweza kutoa homoni kupita kiasi, moyo ukaenda mbio. Hilo lilionekana Zimbabwe na Kivu katika miaka ya 1990, chumvi yenye iodini ilipoingia kwa wingi.

Hali moja hubadilisha hesabu yote, nayo ni saratani. Mgonjwa mmoja wa New York alitolewa thairoidi mwaka 1923. Miaka mingi baadaye alionyesha dalili za homoni iliyozidi, ilhali shingoni hakuwa na tezi. Seli za saratani ya thairoidi zilikuwa zimehamia sehemu nyingine za mwili na huko zikawa zinatengeneza homoni. Mwaka 1943 daktari Samuel Seidlin alimpa iodini yenye mionzi, seli zikaimeza, na hali yake ikaboreka. Matibabu ya iodini yenye mionzi hutolewa nchini katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo uvimbe ukirudi, swali la kwanza ni majibu ya kinyama, yaani ya kipande kilichopimwa maabara baada ya upasuaji wa awali, yalisemaje.

Na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu karatasi hazipo. Uvimbe uliorudi si lazima ukatwe tena. Upasuaji wa pili hupita kwenye makovu, neva za sauti hazionekani kwa urahisi, na hatari ni kubwa kuliko ya kwanza. Daktari ataamua kwa picha ya mawimbi ya sauti, kwa TSH, kwa sindano nyembamba ya kuchukua seli, na kwa kujua nini kiliachwa. Anayetumia levothairoksini aimeze asubuhi tumboni pakiwa patupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu avitenge nayo kwa saa nne. Dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa baada ya wiki sita hadi nane, kwani kabla ya hapo jibu hudanganya.

Msomaji mwenye kovu shingoni, au mwenye mama au shangazi mwenye kovu hilo, atafute wiki hii karatasi mbili: taarifa ya upasuaji na majibu ya kinyama. Kama hazipo nyumbani, aziombe hospitali alikopasuliwa, ni haki yake. Wiki ijayo: mjamzito aliyetolewa tezi, na kwa nini dozi yake ya zamani huwa haitoshi.