Chenso kuukuu ikigoma: mambo ya kukagua kabla ya kununua mpya

Kwenye mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe, chenso ni ajira. Siku ikigoma kuwaka, mkataji halipwi, wabebaji wanakaa chini ya mti na gari la magogo linasubiri. Wengi hutoa hukumu haraka: mashine imezeeka, itafutwe nyingine.

Lakini umri peke yake hauui chenso. Injini yake ya 2T ina vitu vichache sana ndani. Ili iwake inahitaji mafuta mazuri, hewa, cheche na mgandamizo. Ili ikate inahitaji mnyororo mkali. Karibu kila tatizo linatokana na kimojawapo cha hivyo vitano, na ukaguzi mzuri huanza na kile kisichogharimu pesa.

Kabla ya kugusa chochote, swichi izimwe na kofia ya plagi ichomolewe.

1. Mafuta ya kukadiria kwa macho

Chenso nyingi za sasa hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya 2T. Hiyo ni mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli, au mililita 100 kwa kidumu cha lita 5. Baadhi ya mashine za zamani hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua, si mazoea ya kijiweni.

Oili ikiwa kidogo, pistoni inakwaruzwa. Ikiwa nyingi, moshi unazidi na plagi inajaa masizi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja nao huanza kuharibika na kuacha utando ndani ya kabureta. Mashine inayokwenda kulala stoo imwagwe mafuta kwenye tanki, kisha iwashwe hadi izime yenyewe.

2. Plagi inasema ukweli

Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya injini yenye afya. Nyeusi na yenye unyevu inaonyesha mafuta yamezidi hewa, mara nyingi kwa sababu chujio la hewa limeziba. Nyeupe inaonyesha injini inapata joto kupita kiasi kwa kukosa mafuta ya kutosha. Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, maana hatua inayofuata ni pistoni kukwama.

Nafasi ya cheche kwenye plagi nyingi za chenso ni milimita 0.5. Chujio la hewa lipigwe vumbi kila siku ya kazi, au lioshwe kama ni la aina ya kuoshwa, na lirudishwe likiwa kavu kabisa.

3. Inawaka, inakata kidogo, inazima

Hili huwachanganya wengi. Mashine inafanya kazi dakika chache kisha inakata moto. Mfuniko wa tanki ukilegezwa, inawaka tena. Hapo injini haina kosa: tundu dogo la kupitishia hewa kwenye tanki limeziba. Mafuta yanapopungua hewa haiingii, na kabureta inashindwa kuvuta.

Kama siyo hilo, ukaguzi uhamie kwenye chujio dogo lililo ndani ya tanki na mpira wake wa mafuta. Chujio huvutwa nje kwa waya uliokunjwa ncha. Mpira wa zamani hukakamaa na kupasuka, ukaanza kuvuta hewa badala ya mafuta. Ni spea ndogo, lakini ikipuuzwa inaweza kuua silinda nzima.

Mashine ikikosa nguvu hata baada ya hayo, kuna wavu mdogo kwenye ekzosi wa kuzuia cheche. Masizi yakiuziba, moshi unashindwa kutoka. Husuguliwa kwa brashi ya waya na kurudishwa. Hautupwi, kwa sababu cheche moja kwenye majani makavu inatosha kuchoma shamba.

4. Mlimani na pwani si sawa

Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Chenso iliyosetiwa Tanga ikipelekwa Njombe itatoa moshi na kuwa nzito, kwa kuwa mafuta yatazidi hewa. Iliyosetiwa Njombe ikishushwa pwani itapata hewa nyingi kuliko mafuta. Italia kwa sauti kali na kuonekana ina nguvu, kumbe inajichoma. Kabureta irekebishwe kila mashine inapohama hivyo, na kwa asiye na uzoefu hiyo ni kazi ya fundi.

5. Inanguruma lakini haikati

Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao. Butu hutoa unga, na mkataji hulazimika kukandamiza. Kukandamiza huko ndiko kunakochosha mgongo, klachi na injini kwa wakati mmoja.

Tupa ya mviringo lazima ilingane na mnyororo. Saizi za kawaida ni milimita 4.0, 4.8 na 5.2. Minyororo mingi hunolewa kwa nyuzi 30, kusukuma kwenda mbele tu, idadi sawa ya mapigo kwa kila jino. Upande mmoja ukinolewa zaidi, mkato unapinda.

Baa, yaani bamba refu linalobeba mnyororo, igeuzwe juu chini kila mara ili isilike upande mmoja. Mfereji na tundu lake la oili visafishwe. Mashine ikiwa sawa, tanki la oili ya mnyororo hukaribia kuisha pamoja na tanki la petroli. Petroli ikiisha na oili bado imejaa, njia imeziba. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari si mbadala, kwani ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na baa.

6. Kipimo cha mwisho

Kama yote yako sawa na bado haiwaki, ubaki mgandamizo. Swichi ikiwa imezimwa, mashine huning'inizwa kwa kamba yake ya kuwashia. Ikishuka polepole kwa kushtukashtuka, bado ina pumzi. Ikiporomoka moja kwa moja, ringi au pistoni imechoka.

Ekzosi ikifunguliwa, pistoni inaonekana kwa macho. Ikiwa laini, kuna matumaini. Ikiwa na mikwaruzo ya kwenda juu na chini, hapo ndipo bei ya pistoni na silinda ilinganishwe na bei ya mashine mpya. Kabla ya hapo, kununua mpya ni haraka ya bure.

Kisichovumilika

Chenso inaweza kuvumiliwa ikiwa na rangi iliyobabuka na mfuniko uliofungwa kwa waya. Isivumiliwe ikiwa breki ya mnyororo haishiki, kwa sababu ndiyo inayosimamisha meno pale ncha ya baa inapogonga mti na mashine kurukia uso wa mkataji. Isivumiliwe pia ikiwa mnyororo unazunguka bila kupigwa resi: ama resi ya chini imepandishwa mno, ama springi za klachi zimekatika.

Mashine yenye kasoro hizo mbili haiingii msituni hata kama gari linasubiri. Mti utakuwepo kesho.