Rododendroni: ua la Himalaya lililoiteka Ulaya

Ifikapo Machi, miteremko ya Nepali huwa myekundu. Ni laliguras inachanua, mti wa jamii ya rododendroni unaoweza kufikia urefu wa mita 20, na ndiyo ua la taifa. Mtu akikwamwa na mwiba wa samaki kooni, wazee humwambia atafune petali zake. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Uttarakhand nchini India, maua hayo hutengenezwa sharubati.

Rododendroni zina spishi takriban 1,000, nyingi za Himalaya na kusini-magharibi mwa China. Hupenda baridi, ukungu na udongo wenye asidi.

Lakini si zote za kuonja. Mwaka 401 KK, askari wa Kigiriki waliokuwa na Xenophon walikula asali karibu na Trabzon, Uturuki ya leo. Walitapika, wakaharisha, wakashindwa kusimama. Baada ya siku chache wakapona. Wataalamu wanaamini nyuki walikuwa wamefyonza rododendroni za huko, ambazo nekta yake ina sumu. Asali ya namna hiyo bado hurinwa Uturuki.

Ulaya ilipagawa na maua haya katika karne ya 19. Mwingereza Joseph Hooker alizunguka Sikkim, wakati huo ufalme mdogo wa Himalaya, akikusanya mbegu kwa ajili ya bustani ya Kew, London. Miongoni mwa alizozipata ni falconeri, yenye majani mapana ambayo upande wa chini yamefunikwa vinyweleo laini vya rangi ya kutu. Mwaka 1849 watawala wa Sikkim walimkamata. Alipoachiwa, Uingereza ikanyakua sehemu ya nchi hiyo.

Kuanzia 1904, George Forrest alifanya kazi kama hiyo Yunnan, China. Sifa zilimwendea yeye, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wakusanyaji wa kabila la Wanaxi wakiongozwa na Zhao Chengzhang, walioijua milima yao vyema. Majina yao yanastahili kutajwa pamoja na lake.

Spishi moja, pontikumu, iliyofika Uingereza mwaka 1763, iligeuka balaa. Kivuli chake kizito huua mimea ya chini, na majani yake ni sumu kwa kondoo. Leo, huko Snowdonia (Wales) na Killarney (Ireland), wahifadhi huikata na kuing'oa mwaka hadi mwaka, na kisiki kisipotiwa dawa huchipua tena.