Mguu ukibana mlimani, usiulaumu mgongo kwanza

Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilimwona mzee mmoja kutoka Kitanga, upande wa Kasulu unaopakana na Burundi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mkulima wa maharage na mahindi, mvutaji wa kiko tangu ujana. Aliletwa na binti yake.

“Shikamoo baba, unasumbuliwa na nini?”

“Marahaba mwanangu. Mguu huu wa kulia unanibana nikipanda kwenda shamba. Nikisimama kidogo unaachia. Nikianza tena, unabana tena.”

Binti yake akaongeza kuwa zamani baba alifika shambani bila kupumzika. Mwaka uliotangulia alianza kusimama mara moja njiani, kwenye mwembe. Sasa anasimama mara tatu kabla hata ya kuufikia huo mwembe. Nyumbani wadogo zake walikuwa wakisema mzee amekuwa mvivu.

Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Nilimuuliza habari za mgongo, akakubali kuwa nao unauma, kama unavyomuuma kila mtu aliyeshika jembe miaka arobaini. Nikaandika dawa ya maumivu. Mzee alikuwa amevaa mabuti ya mvua. Sikumwomba ayavue.

Alirudi baada ya miezi mitano akiwa amebebwa. Kidole gumba cha mguu ule kilikuwa cheusi na kikavu kama mkaa, na weusi ulikuwa umeanza kupanda kwenye unyayo. Tuliukata mguu chini ya goti. Tangu hapo, mgonjwa akiniambia mguu unambana akitembea, jambo la kwanza ninalosema ni: vua viatu.

Mguu una njaa ya damu

Damu safi hutoka kwenye moyo na kwenda miguuni kupitia mishipa inayoitwa ateri. Ateri ya kijana ni laini na inatanuka. Kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa mtu anayevuta tumbaku, mwenye kisukari, shinikizo la juu la damu au lehemu nyingi, mafuta na chokaa hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa. Njia inakuwa nyembamba, kama mfereji wa shamba uliojaa tope.

Ukikaa, damu kidogo inayopita inatosha. Ukipanda mlima, msuli wa nyuma ya mguu unahitaji damu mara nyingi zaidi, na mshipa uliobana hauwezi kuileta. Msuli unalia njaa, na kilio chake ndicho maumivu ya kubana. Ukisimama, njaa inapungua na maumivu yanaisha ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo tofauti na mgongo ilipo. Mtu ambaye neva zake zimebanwa mgongoni mara nyingi hapati nafuu kwa kusimama tu. Anatafuta pa kukaa au anainama mbele, na wapo wanaopanda mlima vizuri kuliko kushuka, kwa sababu wakipanda wanainama. Mwenye ateri iliyoziba anapata nafuu akisimama wima, na mlima ndio adui yake. Kwa watu wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambako kwenda kisimani, sokoni na shambani ni kupanda na kushuka, hiki ni kipimo kisicho na gharama. Jiulize: mwaka jana nilipumzika wapi, na mwaka huu napumzika wapi?

Ugonjwa ukizidi, maumivu huja hata mtu akiwa amelala. Vidole vinawaka usiku, na mgonjwa anauning’iniza mguu nje ya kitanda ili damu ishuke. Baadaye kidonda kidogo kinakataa kupona. Kidonda cha ateri hukaa kwenye ncha za vidole, kisigino au pembeni mwa unyayo. Ni kikavu, chepesi kwa rangi na kinauma sana. Kidonda kinachotokana na vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hukaa juu ya kifundo upande wa ndani, kina majimaji na mguu umevimba. Msiviganganye kwa bandeji ya aina moja: bandeji ya kubana husaidia mguu wa vena, lakini huweza kuua mguu wa ateri.

Mfalme naye hakupona kwa cheo

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa walioloa au waliokanyaga tego. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1948 madaktari walikuta ateri za miguu yake zimebana kiasi cha kuhofia kuupoteza mguu wa kulia. Ziara yake ya Australia na New Zealand ikaahirishwa, na Machi 1949 akafanyiwa upasuaji. Mwaka 1951 pafu lake moja likaondolewa kwa sababu ya saratani. Ziara ilipopangwa upya, binti yake Elizabeth alikwenda badala yake, akapitia Kenya. Alikuwa huko, eneo la Nyeri, baba yake alipofariki Februari 6, 1952. Moyo ndio uliosimama.

Nawasimulia haya kwa sababu mwisho ule ndio mwisho wa wagonjwa wetu wengi. Ateri za miguu hazizibi peke yake. Aliyeziba mguuni mara nyingi ameanza kuziba kwenye moyo na kwenye ubongo pia. Mguu unatoa taarifa mapema kwamba mshtuko wa moyo au kiharusi vinaweza kuwa njiani.

Duniani, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 200 walikuwa na ugonjwa huu. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha takribani watu 26 kati ya 100 wana shinikizo la juu la damu, na 9 kati ya 100 wana kisukari. Wengi hawakuwa wakijijua. Hao ndio ambao miguu yao iko hatarini.

Tumbaku na moto wa jikoni

Tumbaku ni zao la biashara kwa baadhi ya wakulima wa mkoa wetu, na kiko na ugoro ni vitu vya heshima barazani. Simdharau mkulima. Lakini moshi huchubua ngozi ya ndani ya ateri na kuifanya damu igande kwa urahisi, na nikotini, iwe ya sigara au ya ugoro, huibana mishipa. Wapo hata vijana wavutaji, chini ya miaka 50, wanaopoteza vidole bila kuwa na kisukari wala presha. Kwa mgonjwa wa miguu, hakuna dawa ninayoweza kuandika yenye nguvu kuliko kuacha tumbaku kabisa.

Wazazi, hapa nawaomba jambo. Msimtume mtoto kuleta kaa la moto la kuwashia kiko wala kuwasha sigara dukani. Wengi wa wavutaji wangu walianza kwa “kujaribu kidogo” wakimwashia babu.

Jambo la pili ni moto. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi zetu ni za baridi, na wazee hunyoosha miguu jikoni. Mwenye kisukari cha muda mrefu ana ganzi. Haoni joto, hasikii maumivu, na harufu ya ngozi inayoungua ndiyo inayomshtua. Mguu wenye damu kidogo hauwezi kuponya jeraha la namna hiyo. Vaeni soksi nene, kaeni mbali na moto, na msiloweke miguu kwenye maji ya moto kabla mtu asiye na ganzi hajayapima kwa kiwiko.

Jipime mwenyewe

Vua viatu vyote viwili, ukae penye mwanga. Linganisha miguu: upi una baridi, upi umepauka, upi umepoteza vinyweleo? Tazama katikati ya vidole na chini ya unyayo. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu.

Kisha weka vidole viwili vya mkono juu ya unyayo, katikati, usikandamize. Utasikia mapigo. Tafuta pia nyuma ya kifundo cha ndani. Baadhi ya watu wazima wa afya hawana pigo la juu ya unyayo, kwa hiyo usiogope kwa kukosa moja. Ukikosa yote mawili, nenda kituoni.

Hospitalini tunaweza kupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kuligawa kwa lile la mkono, kwa kutumia mashine ya presha na kifaa kidogo cha kusikiliza damu. Jibu likiwa chini ya 0.9, ateri zimebana. Kwa mwenye kisukari, ateri zikiwa ngumu kwa chokaa, jibu linaweza kudanganya kwa kuwa juu mno, ndiyo maana macho na vidole vya daktari havijastaafu.

Tiba ipo

Kwa aliyewahi mapema, dawa kubwa ni kutembea. Tembea mpaka mguu ubane kiasi, simama maumivu yaishe, endelea. Fanya hivyo dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu. Umbali unaoweza kwenda utaongezeka. Mwenye kidonda au maumivu ya usiku asianze mazoezi haya kabla ya kuonwa.

Pamoja na hayo kuna dawa za kupunguza lehemu, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na dawa za presha na kisukari. Usijinunulie aspirini dukani bila kupimwa; wenye vidonda vya tumbo inaweza kuwadhuru. Chakula chetu cha maharage, mboga na dagaa ni kizuri. Mawese tumieni kidogo, kwani karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda.

Ateri ikiwa imeziba sana, kuna njia ya kuitanua kwa puto au kupitisha mshipa wa pembeni. Huduma hizo ziko mbali nasi, katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Safari ya rufaa kutoka Kasulu kupitia Maweni au Bugando ina maana kabla kidole hakijawa cheusi.

Tunajua pia kuwa kukatwa miguu kunaweza kupunguzwa katika nchi hii hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walianzisha Tanzania na India mradi wa kufundisha daktari na muuguzi kwa pamoja namna ya kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kuvua viatu, kutazama, kuosha kidonda mapema na kufundisha familia.

Usisubiri asubuhi

Mguu ukibadilika ghafla, ukauma sana, ukapauka, ukawa wa baridi, ukafa ganzi au ukashindwa kusogea, damu imekatika. Zina saa chache tu, kama sita hivi, kabla misuli haijaanza kufa. Usiuchue, usiupashe moto, usiuchanje chale. Tafuta usafiri usiku huo huo.

Yule mzee aliishi. Aliacha kiko wodini, akatembea kwa magongo, na mguu wa kushoto tuliulinda kwa dawa na kwa binti yake, ambaye kila jioni aliukagua kwa taa. Kila alipokuja kliniki alivua kiatu kabla sijamwomba. Wewe pia, ukiingia chumba cha daktari na mguu unaobana, vua. Daktari asipotazama, mwambie atazame. Hutakuwa umemkosea heshima.