Misingi ya Uandishi wa Programu kwa Kutumia Vitu

Katika mada zilizotangulia tuliandika programu kama mfululizo wa amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine. Njia hiyo inafaa kwa programu fupi. Programu inapokuwa ndefu, data huguswa na amri nyingi zilizotawanyika, na kosa likitokea ni vigumu kujua lilikoanzia. Uandishi wa programu kwa kutumia vitu hupunguza tatizo hilo kwa kuweka data mahali pamoja na matendo yanayoruhusiwa kuibadilisha.

Njia hii ilianzia Norwei katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula. Leo inatumika katika lugha nyingi, zikiwemo Java, C++ na Python.

1. Klasi na kitu

Klasi ni maelezo ya aina fulani ya vitu: vina sifa gani na vinaweza kufanya matendo gani. Kitu ni mfano mmoja halisi unaoundwa kwa kufuata maelezo ya klasi. Chunguza klasi ifuatayo ya chama cha akiba na mikopo. Imeandikwa kwa maneno ya kawaida, si kwa lugha maalumu ya programu.

KLASI Akaunti
  SIFA mwenyewe
  SIFA YA SIRI salio = 0
  TENDO weka kiasi
    KAMA kiasi > 0 BASI salio = salio + kiasi
  TENDO toa kiasi
    KAMA kiasi > 0 NA kiasi <= salio
      BASI salio = salio - kiasi
    VINGINEVYO andika "Ombi limekataliwa"
MWISHO

a1 = Akaunti mpya ya Asha
a2 = Akaunti mpya ya Juma
a1.weka 40000
a1.toa 15000
a1.toa 30000

Klasi ni moja, vitu ni viwili. Baada ya amri hizi, salio la Asha ni 25,000, kwa kuwa ombi la 30,000 limekataliwa. Salio la Juma limebaki 0, kwa sababu kila kitu hutunza data yake chenyewe.

2. Nguzo nne

(a) Ufumbataji. Ni kufunga data ndani ya kitu ili isibadilishwe ila kupitia matendo ya kitu hicho. Salio ni sifa ya siri, hivyo amri ya nje haiwezi kuandika salio = 900000. Hesabu zikienda kombo, mahali pa kukagua ni pawili tu: weka na toa.

(b) Udhahania. Ni kuonyesha yaliyo muhimu na kuacha au kuficha mengine. Klasi hii haina urefu wala kabila la mwanachama, kwa kuwa havihusiki na akiba. Vilevile, anayetumia tendo toa hahitaji kujua linavyofanya kazi kwa ndani.

(c) Urithi. Ni klasi mpya kupata sifa na matendo ya klasi iliyopo, kisha kuongeza ya kwake. Klasi AkauntiYaMudaMaalumu hurithi kutoka Akaunti na kuongeza sifa ya tarehe ya kuiva.

(d) Umbo-anuwai. Ni amri moja kutekelezwa kwa namna tofauti kulingana na kitu kinachoipokea. Amri toa ikipelekwa kwa akaunti ya kawaida, salio huangaliwa. Ikipelekwa kwa akaunti ya muda maalumu, tarehe huangaliwa kwanza.

Zingatia: Kabla ya kutumia urithi, jaribu maneno "ni aina ya". Akaunti ya muda maalumu ni aina ya akaunti, kwa hiyo urithi unafaa. Mwanachama si aina ya akaunti, bali ana akaunti. Hapo urithi haufai.

3. Swali la mfano

Mwanafunzi ameondoa sharti la kiasi > 0 katika tendo toa, akidai kwamba sharti la kiasi <= salio linatosha. Eleza hatari iliyopo.

Jibu: Mtu anaweza kuomba kutoa -10,000. Namba hiyo ni ndogo kuliko salio, kwa hiyo ombi litakubaliwa. Kompyuta itapiga hesabu ya salio - (-10,000), na salio litaongezeka kwa 10,000 bila mtu kuweka fedha yoyote. Kuifanya data kuwa ya siri hakutoshi. Matendo yanayoilinda lazima yakague kila thamani yanayoipokea.

4. Zoezi

(i) Tofautisha klasi na kitu kwa kutumia mfano wako mwenyewe.
(ii) Andika klasi Kitabu ya maktaba ya shule yenye matendo azima na rudisha. Hakikisha kitabu kilichokwisha kuazimwa hakiazimwi tena kabla ya kurudishwa.
(iii) Je, klasi Maktaba irithi kutoka klasi Kitabu? Toa sababu.