Joe Brady alipoondoka, LSU walinunua jina

Usiku wa Januari 13, 2020, chuo kikuu cha Louisiana State, maarufu LSU, kiliichapa Clemson 42-25 mjini New Orleans na kutwaa ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani. Mechi 15, ushindi 15. Kabla wiki hiyo iishe, wasaidizi wawili wa kocha mkuu Ed Orgeron walikuwa wamefunga virago. Joe Brady alienda kuongoza mashambulizi ya Carolina Panthers kwenye NFL. Dave Aranda, bosi wa ulinzi, akapewa timu yake mwenyewe huko Baylor. Miezi 21 baadaye, Orgeron naye akaambiwa ajipange kuondoka.

Nikisema futiboli simaanishi ile ya Arsenal na Gor Mahia. Ni ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, ule uliomtoa Daniel Adongo wetu kwenye raga hadi Indianapolis Colts mwaka 2013. Huhitaji kujua sheria zake ndiyo uelewe hii stori. Kama umewahi kuona ofisi ikihangaika kuziba pengo la mtu mmoja aliyekuwa akibeba kazi yote kimyakimya, basi nusu ya stori unaijua tayari.

Kwanza, tuelewane kuhusu hicho cheo. Kwetu, kocha msaidizi ni yule msee anayepanga koni na kumpa bosi chupa ya maji, na mara nyingi huja na kocha mkuu na kuondoka naye. Kule Marekani naibu kocha ana idara yake. Kuna mratibu wa mashambulizi, kuna mratibu wa ulinzi, kisha kuna makocha wa kila nafasi. Wakati huo sheria za NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu wasaidizi kumi uwanjani. Mratibu ndiye anayechagua mbinu itakayochezwa dakika hiyo hiyo, mbele ya watu zaidi ya 100,000 wanaojaa uwanja wa LSU pale Baton Rouge. Hapo weka karibu Kasarani mbili.

Halafu kuna kazi ambayo haionekani kwenye TV. Wasaidizi ndio wanaozunguka shule za upili kusaka vipaji. Wanakaa sebuleni na mama ya kijana, wanakula chakula chake, wanaahidi kumlinda mwanawe. Kwa hivyo msaidizi akihama, kuna kijana wa miaka 18 mahali anayejiuliza alisaini chuo au alisaini mtu. Na mwaka 2021 sheria ilibadilika, mchezaji akaruhusiwa kuhamia chuo kingine mara moja na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu mzima. Ukichagua mrithi vibaya, unapoteza mechi na wachezaji pia.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja kabla ya ule ubingwa, kwa sababu Brady mwenyewe aliingia LSU kama mrithi.

Msimu wa 2018 LSU walishinda mechi 10 na kupoteza tatu. Si haba, lakini mashambulizi yao yalikuwa ya kizamani: kimbia na mpira, gongana, kimbia tena. Joe Burrow, kwotabeki wao, yaani yule anayepokea mpira wa kwanza na kuamua aurushie nani, alikuwa na pasi 16 pekee za tachidauni. Mratibu wa pasi alikuwa Jerry Sullivan, mzee aliyekuwa amepita miaka 70 na mwenye uzoefu wa miaka mingi NFL. Alipoondoka, Orgeron angeweza kutafuta mzee mwingine wa aina hiyo. Badala yake alimchukua kijana wa miaka 29 ambaye hata mashabiki sugu walilazimika kumgugo.

Brady alikuwa msaidizi wa chini pale New Orleans Saints, kilomita 130 hivi kutoka Baton Rouge, karibu zaidi kuliko Nairobi na Nakuru. Kabla ya hapo alikuwa kocha mwanafunzi Penn State. Hakuwa amewahi kuongoza mashambulizi ya timu yoyote. CV yake ingetoshea nyuma ya risiti ya Naivas. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho LSU walikikosa: alijua namna Saints walivyotawanya wapokeaji uwanja mzima na kumwachia kwotabeki asome walinzi, kisha aamue kwa sekunde.

Orgeron alijua shimo liko wapi, akatafuta mtu wa saizi ya hilo shimo. Pia hakumfukuza mratibu wake wa mashambulizi, Steve Ensminger, ambaye ni mzee wa kazi na mwana wa LSU damu. Aliwaweka pamoja, mzee na kijana. Msimu wa 2019 Burrow akatoka tachidauni 16 hadi 60, yadi 5,671 za pasi, na tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo Ballon d'Or ya vyuo vyao. Brady akashinda tuzo ya Broyles ya msaidizi bora nchini. Mshahara wake mwaka huo ulikuwa karibu dola 400,000. Aranda, kwa upande wa ulinzi, alikuwa akipokea milioni 2.5.

Hizo ni pesa nono kwa yeyote anayesoma hii akiwa kwenye matatu, najua. Lakini kule Brady alikuwa mtu wa bei ya chini.

Hapo ndipo inaniuma. Mtu aliyemwona Brady wakati hakuna mwingine aliyemwona, alipopata nafasi ya kuchagua tena, alichagua majina.

Nafasi ya Aranda alimpa Bo Pelini, kwa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 2.3 kwa mwaka. Kwa pesa za wakati huo hizo ni kama shilingi milioni 19 kila mwezi. Kwenye karatasi, huwezi kubisha. Pelini alikuwa mratibu wa ulinzi hapo hapo LSU kuanzia 2005 hadi 2007 na walibeba ubingwa. Akawa kocha mkuu Nebraska miaka saba. Shida ni kwamba 2007 ilikuwa 2007. Miaka mitano kabla ya kurudi alikuwa Youngstown State, ligi ya daraja la chini, na wakati huo mchezo ulikuwa umebadilika: pasi nyingi, kasi, wapokeaji wametapakaa kila kona. Yaani mchezo ule ule ambao Brady alikuwa ametumia kuwanyoa wapinzani.

Nafasi ya Brady ikaenda kwa Scott Linehan, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa St. Louis Rams na kuongoza mashambulizi ya Detroit Lions na Dallas Cowboys. Jina zito pia.

Pelini aliingia na mfumo wake. Walinzi waliozoea mpango wa Aranda wakaanza kujifunza upya, na korona ikaja ikakatiza mazoezi. Tuwe wakweli: hilo si kosa la mtu. Pia LSU walipoteza wachezaji 14 walioteuliwa na timu za NFL mwaka huo, Burrow akiwa wa kwanza kabisa, na nyota Ja'Marr Chase akaamua kutocheza msimu wa 2020. Hakuna kocha duniani angebaki bila kufungwa hapo.

Lakini angalia mechi ya kwanza. Septemba 26, 2020, Mississippi State wakaja Baton Rouge. Kocha wao mpya alikuwa Mike Leach, na kila mtu, hadi muuza bisi pale nje, alijua Leach hurusha mpira kutoka asubuhi hadi jioni. Pelini akawaambia vijana wake kila mmoja amkabe mtu wake. Kwotabeki K.J. Costello akarusha yadi 623, rekodi ya ligi yao, SEC. Mississippi State 44, LSU 34. Mabingwa wa nchi, nyumbani kwao.

Wiki iliyofuata, Mississippi State hao hao wakakutana na Arkansas, timu iliyokuwa imepoteza mechi 20 mfululizo za SEC. Mratibu wa ulinzi wa Arkansas, Barry Odom, akawarudisha watu wanane nyuma walinde maeneo badala ya kukimbizana na mtu mmoja mmoja. Costello akanyang'anywa pasi tatu, Arkansas wakashinda 21-14.

Nimemtaja Odom makusudi. Yeye pia alikuwa kocha mkuu aliyetimuliwa, kule Missouri, akawa msaidizi msimu huo huo wa Pelini. Kwa hivyo jina kubwa lenyewe si sumu, na mtu aliyewahi kufutwa si takataka. Tofauti ni kwamba mmoja alitazama aliyekuwa mbele yake Jumamosi hiyo, mwingine akacheza alichokuwa amekizoea.

LSU walimaliza 5-5. Pelini akafutwa baada ya msimu mmoja na kulipwa takriban dola milioni 4 ili aende nyumbani. Linehan akaenda pia. Ensminger akaacha kiti cha mratibu.

Awamu ya pili ya kuchagua ilikuwa ya kuchekesha, kama si kazi za watu. Safari hii Orgeron alitaka Brady mwingine. Akaenda Carolina Panthers, kule kule alikokuwa Brady, akachukua Jake Peetz awe mratibu wa mashambulizi na DJ Mangas awe mratibu wa pasi, wote wakiwa wamefanya kazi chini ya Brady. Fotokopi. Ulinzi ukapewa Daronte Jones kutoka Minnesota Vikings. LSU wakamaliza ratiba ya kawaida ya 2021 na 6-6. Oktoba, kabla hata ya msimu kuisha, chuo kilitangaza kwamba kimekubaliana na Orgeron aondoke, akilipwa karibu dola milioni 17, kama shilingi bilioni 1.9 wakati huo.

Ajabu ni kwamba Desemba hiyo hiyo Panthers wakamfuta Brady mwenyewe. Bila Burrow, bila Ensminger pembeni, bila wale wapokeaji, uchawi haukufanya kazi Charlotte. Baadaye alijijenga upya Buffalo Bills, lakini hiyo 2021 ilionyesha kitu ambacho LSU hawakukiona: walikuwa wakimtafuta mtu, wakati kilichowapa ubingwa kilikuwa mchanganyiko.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtasema najitetea nikiponda CV. Sawa, semeni. Lakini CV ya Pelini ilikuwa ya kweli, kila mstari. Ilijibu swali la alichofanya 2007. Swali la Leach atafanya nini Septemba halikuwa kwenye karatasi, na hilo unaliuliza ukiwa na ubao na kalamu mezani: hawa wametawanya wapokeaji wanne, mpira uko hapa, wewe unafanya nini?

Na fikiria mlinzi aliyejiunga na LSU 2019 akakaa miaka minne. Alifundishwa na Aranda, kisha Pelini, kisha Jones, kisha Matt House aliyeletwa na kocha mkuu mpya Brian Kelly. Waratibu wanne, lugha nne za kazi ile ile, na macho ya NFL yakimtazama kila wiki.

House naye alifutwa baada ya msimu wa 2023. Januari 2024 LSU wakamchagua Blake Baker, wakamtoa Missouri kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 7.5. Mwaka 2021 Baker alikuwa hapo hapo Baton Rouge, akifundisha walinzi wa kati kwenye benchi la Orgeron, ofisi chache tu kutoka kwa Jones.