Mtaalamu wa uwezekano na wagonjwa waliopotea

Wagonjwa wengi wa Ukimwi magharibi mwa Kenya waliacha kufika kliniki. Walihama, au walifariki?

Swali hilo liliwakabili wataalamu wa AMPATH, mpango wa huduma za Ukimwi uliozaliwa Eldoret mwaka 2001 kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Constantin Yiannoutsos, mtakwimu wa Indiana, na wenzake walitumia nadharia ya uwezekano: baadhi ya waliopotea walitafutwa hadi nyumbani, kisha habari zao zikatumika kukadiria hali ya wote.

Makala yao ya 2008 ilionyesha vifo vingi kuliko daftari la kliniki lilivyosema.

Hesabu ndiyo iliyofichua hilo; basi wazazi, mtoto akichagua hisabati, msimkatishe tamaa.