Mizinga Iliyoshuka Melini Ikaenda Bara

Ngome ya Yesu, Mombasa, ina mizinga ya kila umri, na wageni wengi hukimbilia ile ya zamani zaidi. Miwili inayonivuta mimi ni ya juzijuzi tu, na ilikuwa mahasimu. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, wa pili kwenye Pegasus ya Waingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo, Königsberg ilipotokea baharini na kuimiminia makombora. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yalidondokea majini kabla ya kumfikia adui. Mabaharia wake wapo waliozikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe.

Jina la Kijerumani halikuwasumbua watu wa pwani. Meli hiyo waliiita manowari na bomba tatu, kwa mabomba yake matatu ya moshi. Ilikuwa na mizinga 10. Tundu la kila mmoja lilikuwa na upana wa milimita 105, na mtutu wake ulikuwa mrefu mara 40 ya upana huo, yaani mita 4 na ushei. Kombora moja lilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, pungufu kidogo ya ndoo kubwa iliyojaa maji, na liliruka hadi kilomita 12. Ungeusimika mzinga huo Posta, Dar es Salaam, kombora lingeipita Kawe.

Baada ya Unguja mitambo ya Königsberg nayo ikaugua. Ilijificha kwenye matawi ya mto Rufiji, nyuma ya mikoko. Vyuma vyake vilivyoharibika vilikokotwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ileile. Waingereza walimtuma mwindaji Pieter Pretorius aipeleleze, wakaleta na ndege, na mwishowe meli mbili za kwenda maji machache, Severn na Mersey, zilizovutwa kutoka Malta. Tarehe 11 Julai 1915 kapteni Max Looff, akiwa majeruhi, aliamuru meli yake ilipuliwe.

Masimulizi mengi huishia hapo. Kwangu mimi hapa ndipo utamu unapoanzia, maana maji ya Rufiji ni mafupi, na mizinga ile ilifikika. Wajerumani waliing'oa yote 10.

Sasa, mzinga wa meli hauna magurudumu. Umekaa juu ya nguzo iliyokazwa kwa bolti kwenye sitaha, na ukifyatuka, teke lake hupokewa na meli nzima. Ukiuweka chini bila kuushikiza, risasi yake ya kwanza inaweza kuupindua. Kwa hiyo mafundi wa karakana za Dar es Salaam waliuundia vigari vizito vya magurudumu ili uweze kuvutwa na kupigwa ukiwa nchi kavu. Baadhi ya mizinga ilibaki kulinda bandari ya Dar es Salaam. Mingine ilitawanywa bara. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilisaidia pale ilipopita, lakini vita havikufuata reli.

Reli ilipokoma, injini ilikuwa mabega ya watu. Mamia walifungwa kwenye kamba za mzinga mmoja, wakaukokota kwenye tope na mchanga, na nyuma yao wengine wakabeba makombora. Majina ya makapteni tunayo. Ya wavutaji hatuna. Hata upande wa pili hali ilikuwa hiyo: wapagazi wa Waingereza walikuwa wengi mno hata jina la kikosi chao, lililomshinda Mswahili kutamka, likabaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Makombora nayo yalihitaji kutafutwa. Aprili 1915 meli ya mizigo Rubens, ikijifanya meli ya Denmark, ilikuwa imefika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena ya Königsberg. Waingereza waliishambulia ikaungua, ila wapiga mbizi wakazitoa silaha majini.

Machi 1916 mzinga mmoja uliachwa Kahe, karibu na Moshi, baada ya kulipuliwa na wenyewe. Mingine ililia Kondoa Irangi mwaka huohuo. Wajerumani walipovuka Ruvuma Novemba 1917 hawakuwa na hata mmoja. Mitatu iliyosalia leo ipo Mombasa, Jinja nchini Uganda, na Pretoria mbele ya majengo ya serikali.

Mmoja kati ya ile 10 ulipelekwa Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, ukarudi kuwa mzinga wa majini, safari hii kwenye maji baridi. Kisha ukahitajika kwingine, ukang'olewa, na mahali pake pakawekwa wa mbao ili adui asijue. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, Waingereza wakaiibua, na kuanzia 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba, bila mzinga, ikibeba abiria na dagaa.